Mashine Ninazo, Uma Anao Bhoke

Wanangu mliokuja dukani kwangu jana Ijumaa na mwalimu wenu, mkapanda basi kutoka Mugumu mpaka hapa Tarime ili mwone mashine mbili za zamani zikiandikiana, nawaandikia kwa sababu kuna swali moja nililijibu vibaya. Yule binti aliyesimama karibu na mlango aliniuliza, "Mzee, nani alikufundisha kuziweka sawa?" Nikamjibu mbele yenu wote, "Nilijifundisha mwenyewe." Mkapiga makofi. Leo ni Jumamosi asubuhi na makofi yale bado yananiwasha masikioni.

Mengine yote niliyowaambia ni kweli. Ni kweli niliishia darasa la saba kule Kerende, na hilo la saba lenyewe nililisoma kwa kurukaruka kwa sababu ya ng'ombe wa baba. Ni kweli niliingia ofisi ya kampuni ya kahawa hapa mjini nikiwa nimeshika ufagio, nikatoka nikiwa nakalia kiti cha mashine. Ni kweli kampuni ilipofunga nilikwenda Nyakunguru kuwatengenezea wachimbaji wadogo pampu zao, na pampu hizo ndizo zilizojenga duka mlilolikuta, vyumba vitano na bati la rangi. Sikurithi hata msumari. Kwa hiyo kujisifu nitajisifu, mnivumilie. Ila jibu la jana halikuwa langu kulitoa vile.

Nianze na mashine yenyewe, maana nusu yenu mlikuwa mnapiga picha badala ya kusikiliza.

Teleprinta ni taipureta iliyofungwa kwenye waya. Unabonyeza herufi hapa Tarime, na kule Moshi herufi ileile inajichapa kwenye karatasi bila mkono wa mtu. Ndani yake kila herufi inakatwa vipande vitano vya umeme: upo, haupo, upo, upo, haupo. Ndiyo maana ule utepe wa karatasi niliowapa mshike, ambao tuliutobolea ujumbe kabla ya kuutuma, una nafasi tano za matundu kwa upana wake. Penye tundu umeme unapita, pasipo na tundu haupiti. Hizo simu zenu bado zinafanya kazi hiyohiyo ya upo na haupo, ila zinaificha.

Ukikosea kwenye utepe, hufuti. Unarudisha utepe nyuma hatua moja na kutoboa matundu yote matano juu ya kosa. Mashine ya mwenzako ikifika hapo inapita kimya, haichapi kitu. Na utepe mrefu huukunji ovyo kama kamba ya mbuzi. Unauzungusha kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, kwa kupishanisha, kama mtu anayesuka, na ukiuachia unatoka wote bila fundo. Mambo hayo niliyajua vizuri kuliko mtu yeyote ofisini. Kuliko Bhoke pia. Hilo andikeni.

Lakini mashine mbili zinazoongea lazima mota zake zizunguke mwendo mmoja. Fikirieni watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mmoja akiharakisha kidogo tu, michi inagongana. Mashine zikipishana mwendo, unatuma bei ya kahawa na upande wa pili unapokea vurugu. Kwenye mota kuna kifaa cha kubana mwendo, sisi tuliita gavana, kina skrubu ndogo ya kurekebishia, na pembeni yake kumepakwa alama nyeupe na nyeusi. Sasa mwendo utaupimaje? Ndipo unapokuja uma.

Mliuona jana. Chuma chenye meno mawili, kama uma wa kulia, na kwenye ncha za meno kuna vibati viwili vyenye upenyo mwembamba. Unaugonga gotini, meno yanatetemeka, unachungulia zile alama za gavana kupitia kwenye upenyo. Alama zikionekana kwenda mbele, mota inakimbia mno. Zikirudi nyuma, inachelewa. Zikisimama tuli, ingawa mota inazunguka kwa nguvu zote, basi mwendo ni sawasawa. Chuma kinachosimamisha kitu kinachokimbia. Nilipouona mara ya kwanza niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka ng'ombe.

Mwenye uma alikuwa Mzee Magesa, fundi aliyekuwa akija kutoka Musoma kukagua mashine yetu. Mtu mfupi, mkimya, kofia haitoki kichwani. Mimi nilikuwa nimeanza kama mfagiaji na kila alipokuja nilifagia chumba cha mashine mara nne. Mpaka meneja akaona afadhali anipe kiti kuliko kunifukuza mlangoni. Nikajifunza herufi zilipo kwa kutazama. Kwa vidole viwili, baadaye vinne.

Halafu akaajiriwa Bhoke.

Bhoke alikuwa binti wa Susuni, ana kidato cha nne, na amesomea kupiga chapa kwa shangazi yake ng'ambo ya mpaka. Alitumia vidole kumi. Hakutazama herufi. Alikuwa anaweza kupiga huku anaongea na mteja, na wala asikosee huku wala kule. Meneja alikuwa ananiita "wewe", yeye anamwita "binti yangu". Wakulima wakija kuuliza bei walimletea ndizi mbivu na mimi wakaniachia ganda nikatupe.

Nitawaambia kitu kimoja ambacho sijawahi kumwambia mtu. Siku moja mashine ilipiga kengele, Moshi wanaita. Bhoke alikuwa ametoka kunywa chai. Nikakaa, nikaandika kwa vidole vyangu vinne: TARIME HAPA. Opereta wa Moshi, mtu ambaye hatujawahi kumwona sura, akaandika: BHOKE YUPO? Nikaandika: AMEENDA CHAI, MIMI NIPO. Mashine ikanyamaza kidogo. Halafu ikaandika: SAWA, NITASUBIRI.

Nikakaa pale mbele ya mota inayonguruma bure, mtu kule mbali anasubiri mimi niondoke. Wivu wangu naweza kuwaonyesha mahali ulipozaliwa. Ni pale kwenye neno SAWA.

Sasa kuhusu samli, maana bila samli hamtaelewa chochote.

Mafuta ya mashine yaliisha. Meneja akasema tungoje Mzee Magesa ayalete. Mimi na akili zangu nikajiuliza, tunangoja nini? Kwetu samli ya ng'ombe ilipaka kila kitu: miguu yetu wakati wa baridi, ngozi za kulalia, hata bawaba za mlango wa baba. Nikaleta samli ya mama kwenye kopo, nikapaka mashine yote kwa unyoya wa kuku. Mchana kutwa ilikwenda laini mno, nikatembea mle ndani kama mkwe. Lakini mnajua asubuhi za Tarime za mwezi wa saba. Samli iliganda. Bhoke alipobonyeza herufi, zikanyanyuka taratibu kama mtu aliyeamshwa kwa lazima, na nyingine hazikurudi chini. Juu ya utepe walipita sisimizi, mstari mmoja, wana haraka kuliko ujumbe wowote tuliowahi kutuma. Bhoke alisafisha kwa mafuta ya taa siku nzima. Mzee Magesa alipofika na kuambiwa, alinitazama, akasema, "Kijana, mashine hii si ndama."

Ofisi nzima ilicheka. Bhoke alicheka pia, na hilo ndilo lililoniuma. Samli kwenye mashine niliacha. Lakini kikopo kidogo niliendelea kutembea nacho mfukoni kwa ajili ya mikono yangu, kwa sababu mikono ya mtu anayefua matambara kwa sabuni ya mche hupasuka.

Ikafika siku Mzee Magesa akatuambia anastaafu. Hatakuja tena fundi wa kila mara, mashine itabaki kwetu. "Na uma utabaki hapa," akasema. "Nitakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Kila mmoja ataita Moshi mbele yangu. Nitakayemwona anaisikia mashine, huyo nitamwachia."

Anayebaki na uma ndiye mtunza mashine. Ndiye meneja atakayemwita kwa jina. Sikulala vizuri mwezi mzima.

Alhamisi ile nilifika wa kwanza, funguo za ofisi nilikuwa nazo mimi. Nikafungua kifuniko cha mota. Nikashika bisibisi, nikaigeuza skrubu ya gavana nusu mzunguko, na kwa kuwa ilikuwa ngumu nikamalizia kwa vidole. Nikafunga. Mpango wangu ulikuwa mzuri, hata leo nauona mzuri. Bhoke ataanza, kwa sababu ya vidole vyake kumi. Itatoka vurugu. Atababaika. Mimi nitasogea, nitaweka sikio, nitasema, "Inakimbia hii," nitarudisha nusu mzunguko, na Mzee Magesa atavua kofia.

Bhoke akakaa. Akawasha mota. Akaita Moshi, halafu akabonyeza kile kitufe nilichowaonyesha jana, kile kinachouliza wewe ni nani, ambapo mashine ya mbali hujibu jina lake yenyewe hata kama chumba hakina mtu. Ikajibu vurugu. Mimi nikavuta pumzi ya kusema.

Bhoke hakubabaika. Aliweka kiganja juu ya kifuniko, akatulia, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Wacha kwanza," akasema. "Inakimbia. Mzee, naomba uma."

Akaugonga gotini, akachungulia. Akazima mota, akagusa skrubu, akawasha, akachungulia. Akazima tena. Mara tatu. Ya tatu akatabasamu. Akabonyeza kitufe, na jina la Moshi likaja safi, herufi moja baada ya nyingine. Maneno yangu yalibaki mdomoni kama nyama isiyotafunika.

Kisha alifuta vidole kwenye leso. Akavinusa. Akanitazama mara moja, akaangalia pembeni.

Mzee Magesa akainama juu ya mota, kofia na yote, akaikaribia ile skrubu kwa pua. Akainuka polepole.

"Meneja, mmepikia humu leo?"

"Hapana, mzee. Kwa nini?"

"Basi pua yangu imezeeka."

Akauviringisha uma kwenye kitambaa cha manjano, akaukabidhi kwa Bhoke kwa mikono miwili. Mimi akanigonga bega. "Mwita, zamu yako nitaisikiliza siku nyingine." Siku hiyo haikuja. Alirudi Musoma na hatukumwona tena.

Baada ya mwaka Bhoke akaolewa hukohuko Susuni, akaacha kazi, uma akaondoka nao. Siku ya harusi nilipeleka kopo zima la vile vipande vidogo vya karatasi vinavyodondoka utepe unapotobolewa. Nilivikusanya miezi mingi. Nilimrushia mlangoni mwa kanisa, wote wakashangilia, wakasema Mwita ana moyo. Sikuwaambia kwamba karatasi ile ina mafuta kidogo na ikishika nywele haitoki. Nasikia aliviokota kichwani wiki mbili.

Nikawa mtunza mashine bila uma. Nilikuwa nairekebisha kwa sikio na kwa kubahatisha, na Moshi walilalamika mpaka kampuni inafungwa. Watu walipokuja kununua vyuma chakavu, mimi nilinunua mashine isivunjwe. Miaka baadaye nikapata ya pili kwenye kambi moja ya watalii kule Serengeti, ilikuwa imewekwa chini ya ngazi na kuku wanatagia juu yake. Nikaziweka vyumba viwili, nikapitisha waya ukutani. Zilinguruma zote. Zilichapa zote. Lakini chochote nilichoandika chumba cha kwanza, chumba cha pili kilitoka vurugu. Vijana wa simu hapa dukani wakaniambia kuna programu ya simu ya kupimia mwendo, wakamulikamulika taa mpaka nikaumwa kichwa. Nikawaambia waache. Sikutaka programu. Nilitaka ule uma, na nilitaka uwe wangu.

Mwalimu wenu alipoomba awalete, nikakubali kwa majivuno kabla sijafikiri. Zikabaki siku mbili. Jumatano nikawasha pikipiki, nikaenda Susuni.

Nilimkuta Bhoke uani anachambua maharage. Mvi zimeingia, mikono ileile.

"Mwita wa Kerende," akasema. "Leo barabara imekupoteza?"

"Nimekuja kusalimia."

"Salimia basi, nisikie."

Nikasalimia. Nikauliza watoto, nikauliza mahindi, nikauliza ng'ombe. Akaendelea kuchambua.

"Sasa sema ulichokuja nacho, maharage yananiishia."

"Uma wa Mzee Magesa bado unao?"

"Uko kanisani, kwenye kabati la kwaya. Nawafundisha. Sauti ya kwanza tunaianzia kwenye uma."

Hapo wivu ukanipanda upya. Mimi mashine zangu bubu miaka yote, na chuma chake kinaimbisha watu kila Jumapili.

"Niuzie."

"Halafu kwaya ianzie wapi, kwenye honi ya pikipiki yako?"

"Bhoke, wewe huna mashine. Mimi ninazo mbili."

"Na miaka yote hiyo zimekuambia nini?"

Akaweka ungo chini.

"Unajua vidole vyangu vilinuka samli mpaka jioni? Mama aliniuliza nimetoka kukorogea nani maziwa."

Nilitamani ardhi ya Susuni inimeze. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa umegeuza nusu tu. Mtu mbaya angegeuza mzunguko mzima." Akacheka peke yake. "Halafu Mzee alinikataza. Aliniambia, huyu kijana ana mikono mizuri kuliko wewe, ila hawezi kuuliza. Siku akija kukuuliza uma unatumikaje, mfundishe na umwazime wakati wowote. Nikangoja wiki ile. Nikangoja mpaka naolewa. Ulikuja na karatasi zako ukanimwagia kichwani."

Wanangu, nimefungua vyuma vya pampu ndani ya mashimo ya Nyakunguru maji yakiwa shingoni, na sijawahi kukosa pumzi kama pale. Mikono mizuri kuliko yeye. Neno hilo lilikuwa langu, nililipigania kwa hila, kumbe lilikuwa kwenye kabati la kwaya linangoja niulize.

"Basi nauliza," nikasema. "Unatumikaje?"

"Si ndio hivyo," akasema. "Ilikuwa ngumu nini?"

Tukaenda kanisani. Akanifanya nisimamishe pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likae hewani. Akaleta chaki ya shule ya Jumapili, tukachora alama kwenye tairi. Nikawasha, nikatia gia, gurudumu likazunguka. Yeye akaugonga uma gotini, akanishikisha.

"Usikodoe macho hivyo, mura, hutazami mwizi. Legeza. Zinakwenda wapi?"

"Mbele."

"Basi?"

"Inakimbia. Nipunguze mafuta."

"Punguza."

Nikapunguza kidogo. Zikaenda polepole. Nikapunguza unywele mmoja tu. Na alama za chaki zikasimama. Gurudumu linazunguka, vumbi linaruka, na alama zimesimama kama zimepigwa misumari. Nilikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, na machozi yalinitoka kwa sababu ya tairi.

"Umeona," akasema. "Uurudishe Jumamosi kabla ya mazoezi ya kwaya. Nikiukosa, nitawaambia wanakwaya wote habari ya samli, na hao hawana siri."

Ndivyo nilivyofundishwa, Jumatano, na Bhoke wa Susuni, akifuata neno la Mzee Magesa. Alhamisi nikaziweka mashine sawa. Ijumaa mkaja, mkaandika majina yenu chumba cha kwanza yakatoka safi chumba cha pili, yule binti akauliza swali lake, nami nikasema nilijifundisha mwenyewe. Mtu anaweza kujishusha na kuuliza Jumatano na bado Ijumaa akaiba tena kitu kilekile. Hilo sikulijua mpaka jana.

Kwa hiyo, binti, na wote: kutoboa utepe nilijifundisha mwenyewe. Kutengeneza pampu nilijifundisha mwenyewe. Hiyo ya uma nimefundishwa, kwa kuchelewa, na ningefundishwa ningali kijana kama ningefungua mdomo. Mwalimu, tafadhali uwasomee barua hii kwa sauti.

Msidhani nimepona. Asubuhi hii nimeufungia uma kwenye droo, nikakaa. Nikawaza kuna fundi Mwanza anayeweza kuchonga mwingine. Nikawaza Bhoke amezeeka, kwaya inaweza kuanzia kwenye kinanda kama makwaya mengine. Nikawaza hata kwamba uma umezoea hapa sasa, mashine zinaujua. Namwonea wivu mpaka ninapoandika mstari huu, na sidhani kama utaisha.

Lakini nimefungua droo. Pikipiki imejaa mafuta, iko mlangoni. Kitambaa ni kilekile cha manjano, nimekifua na kimekauka. Na kabla ya kuuviringisha nimenawa mikono kwa sabuni mara mbili, nikainusa, nikanawa tena.